Nukta Tatu Chini ya Be



Ndugu msomaji, wazee wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila khabari. Methali hii nimeisikia tangu utotoni, nikidhani imesemwa kwa ajili ya wenye maduka tu. Leo naomba nikusimulie namna daftari lilivyokuwapo, na mali ikawa imeandikwa ndani yake, na bado ikakaribia kupotea kwa sababu ya nukta tatu. Wala aliyekaribia kuipoteza hakuwa mwizi, wala mchwa, wala mvua. Nilikuwa mimi mwenyewe, niliyesomeshwa hati hizo chuoni kwa kiboko na kwa dua.

Babu yangu mzaa baba alikuwa mtu wa Pangani. Katika ujana wake aliifuata biashara bara, akafika Usukumani, akaweka duka dogo Didia, kando ya njia itokayo Shinyanga kwenda Tinde. Aliuza chumvi, kaniki, majembe na mafuta ya taa, akanunua ngozi na samli. Aliishi na wenyeji kwa wema, akaijua lugha yao, na huko huko ndiko alikofia na kuzikwa, Mwenyezi Mungu amrehemu. Sisi wajukuu tulikulia Tanga. Didia kwetu ilikuwa jina tu, likitajwa siku za khitma.

Mwaka 2023 jamaa walinituma niende nikaitazame nyumba ya marehemu, tupate kuimaliza mirathi tuliyoichelewesha mno, Mungu atusamehe. Mpangaji niliyemkuta, mtu muaminifu, alinitolea kisanduku cha bati. Mlikuwa na tasbihi, miwani iliyovunjika mkono, na daftari lenye jalada jeusi. Akaniambia: "Hiki kitabu cha dini nimekitunza juu ya kabati miaka yote, na watoto nimewakataza wasikiguse." Nikakifungua kwa heshima. Yalikuwa madeni ya chumvi na kaniki.

Usicheke, msomaji. Daftari lile liliandikwa kwa Kiswahili, lakini kwa hati za Kiarabu, kama wazee wetu wa Pwani walivyoandika barua zao, hesabu zao, tenzi zao na wasia wao kwa karne nyingi kabla ya herufi za Kirumi kutuenea. Yule bwana aliona alifu na lamu, akadhani ni msahafu. Ujinga wake ndio uliolihifadhi daftari. Ujuzi wangu ndio uliokaribia kuliharibu.

MSTARI USIOKATWA

Babu alikuwa na desturi nzuri. Deni likilipwa, alilikata kwa mstari mmoja wa wino. Nikafungua ukurasa hadi ukurasa, nikaona mistari yote imekatwa, ya watu na yake mwenyewe, isipokuwa mmoja. Huo uliandikwa mwezi wa Rajabu mwaka 1359, yaani kiasi cha Agosti 1940. Ulisema kwamba yeye, babu, anadaiwa na mtu fulani wa Didia, na jina la mtu huyo limo, nami naliacha kwa kuwa ni la watu. Kisha kikafuata kitu kinachodaiwa: neno moja, na nambari moja. Neno lile lilianza na be, likafuatiwa na nuni, na dali, na alifu. Nikalisoma: "bunda 1".

Nakukumbusha uzito wa jambo hili. Sote tumefundishwa kwamba Mtume (S.A.W.) aliletewa jeneza la mtu aliyekufa na deni, naye hakusimama kulisalia mpaka sahaba mmoja alipolichukua deni lile juu ya shingo yake. Na aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyomo katika Suratul Baqara, ni aya ya deni. Imetuamrisha tuliandike, likiwa dogo au kubwa, na imemtaka mwandishi aandike kwa uadilifu. Basi babu yangu aliitii aya ile. Aliandika. Sisi watoto wake tukamwekea khitma kila mwaka, tukapika biriani, na deni lake likabaki juu ya kabati.

Nikampigia simu ami yangu, aliye Tanga, mtu mzima sana, ambaye katika ukoo wetu ndiye ajuaye hati za kale kuliko sote. Lakini macho yake yana mtoto wa jicho. Picha za kurasa nilizompelekea hakuweza kuzisoma, kwa kuwa wino umefifia na karatasi imekuwa rangi ya chai. Akaniambia: "Mwanangu, niandikie maneno hayo kwa simu, kwa hati hizo hizo za Kiarabu, nami nitamwambia mjukuu wangu ayakuze yawe makubwa kama mkono." Nikaona ni jambo jepesi. Nikakaa barazani Didia jioni mbili, nikayanakili yote.

HATI ZETU NA UPUNGUFU WAKE

Kabla sijaendelea, yafaa tufahamu jambo moja kuhusu hati hizi, khasa kwa vijana wasiozisoma.

Herufi za Kiarabu zilitengenezwa kwa ajili ya Kiarabu. Kiarabu hakina p wala v, wala hakina ng' kama ya ng'ombe. Kina irabu tatu za alama, fat-ha, kasra na dhumma, ilhali Kiswahili kina tano. Basi waandishi wetu wa zamani walifanya kama mtu mwenye sahani chache na wageni wengi: sahani moja ikapokea wawili. Be ikawa b na pia p. Fe ikawa f na pia v. Ghayni ikabeba g na ndugu zake. Msomaji akiona herufi zile zile aliamua mwenyewe kama ni "bata" au "pata", kama ni "fua" au "vua". Waliweza kwa sababu walikuwa wakiijua khabari kabla ya kuisoma, na kwa sababu lugha ilikuwa yao.

Walakini wako waliokereka na upungufu huo. Huko Mombasa, katika karne ya 19, Mwalimu Sikujua, aliyezikusanya na kuzihifadhi tungo za Muyaka bin Haji, alizitia herufi zake alama za ziada ili sauti za Kimvita zisipotee. Mwaka 1930 Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1891 na kufariki mwaka 1947, alianza kutoa gazeti lake dogo, Sahifa, kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu. Naye alikuwa katika wale waliotaka kila sauti ya Kiswahili ipate alama yake. Na mwaka 1997 Sheikh Yahya Ali Omar, mwana wa Mombasa aliyekuwa akiishi London, alitoa pamoja na mwenziwe P. J. L. Frankl mapendekezo kamili ya kuziandika sauti zetu zote kwa hati hizi.

Njia kubwa waliyoitumia ni ya kuazima. Waajemi, walipoupokea Uislamu pamoja na hati zake, nao walikosa p. Wakaichukua be wakaitia nukta tatu chini badala ya moja. Fe ikitiwa nukta tatu juu badala ya moja, kwetu huwa v. Ndugu zetu Wamalai, ambao hati zao za Kiarabu huziita Jawi, hiyo hiyo fe ya nukta tatu wao huisoma p. Na ayni wameitia nukta tatu juu, ikawa ng'. Tazama, basi, namna umma mmoja ulivyochukua kitambaa kimoja, na kila watu wakakishona kwa kimo chao.

KOMPYUTA HAIJUI ALIFU KWA KIJITI

Sasa tuje katika simu. Wengi wetu tunadhani kwamba tukibonyeza herufi, simu huichora na kuiweka, kama kalamu ifanyavyo. Sivyo. Kompyuta, na simu ni kompyuta ndogo, haijui alifu kwa kijiti. Inajua nambari tu. Watu wamekubaliana kwamba kila herufi ipewe nambari yake, na kompyuta huiweka na kuipeleka nambari hiyo. Ikifika kwa mwenzako, fonti iliyomo katika simu yake huivika nambari ile sura ya herufi. Fonti isipokuwa na vazi lake, mwenzako ataona kisanduku kitupu.

Orodha ya mwanzo ya nambari hizi, iliyotolewa Marekani mwaka 1963, ilikuwa na nafasi 128 tu, ikawatosha wenye Kiingereza. Wengine wakajitungia orodha zao, na barua ya orodha moja ikifunguliwa kwa orodha nyingine ilitoka vurugu tupu. Mwaka 1991 ndipo ilipotolewa orodha iitwayo Unicode, iliyokusudiwa kukusanya hati za walimwengu wote mahali pamoja, kila herufi na nambari yake, isigongane na nyingine.

Humo, kwa hesabu yetu ya kawaida, be ni 1576. Be ya nukta tatu ni 1662. Fe ni 1601, na fe ya nukta tatu ni 1700. Ayni ya nukta tatu ni 1696. Zote hizi zimo tangu miaka ya mwanzo ya 1990. Ama sauti za e na o, waandishi wetu wamezitafutia alama mbalimbali na bado hawajaafikiana juu ya moja. Lakini p, v na ng' zina nyumba zao, na nyumba zina nambari mlangoni.

Uadilifu wa mashine hii ni mkali. Kalamu huweza kuchora kitone ambacho msomaji atakisoma apendavyo. Mashine haikubali hivyo. Ni 1576 au ni 1662. Baina yao hapana njia ya kupita mtu mvivu.

Nami nilikuwa mtu mvivu.

KOSA LANGU

Kibodi ya Kiarabu katika simu yangu haionyeshi be ya nukta tatu. Ipo, lakini imefichwa. Yataka uibonyeze be na uishikilie kitambo, ndipo itoke. Mimi sikuwa na subira hiyo. Kila palipokuwa na be ya namna yoyote niliandika 1576, nikijiambia kwamba ami ni bingwa, atajua mwenyewe.

Na kwa neno lile la deni, naungama mbele yako, msomaji, jambo zito zaidi. Niliona kwamba chini ya be ile palikuwa na vitone zaidi ya kimoja. Niliviona kwa macho yangu. Nikasema moyoni: hivi ni vinyesi vya nzi, daftari ni la zamani. Kwa nini nilisema hivyo? Kwa sababu bunda moja ni jambo dogo. Bunda la nini, halikutajwa; basi twaweza kulikadiria kwa bei ya doti chache za kanga, tukampa mwenyewe, tukashukuru. Nafsi yangu ilikwisha kusoma kabla ya macho kusoma. Nafsi ikikipenda kitu, hata nzi hupewa kazi ya kukishuhudia.

Nikayapeleka maandishi. Siku ya pili ami akapiga simu. Sauti yake haikuwa na furaha.

"Mwanangu, nimesoma. Mabunda mengi babu yako ameyaandika humu. Bunda la kaniki. Bunda la ngozi. Hakuna hata moja alilolitaja bila ya kusema ni la nini. Hili la Rajabu ni bunda la nini?"

Nikamwambia, "Ami, halikuandikwa."

Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Una hakika ni be?"

Sikuweza kumjibu.

Usiku ule sikulala vizuri. Baada ya sala ya alfajiri nililichukua daftari, nikalitoa nje mpaka jua lilipopanda, nikaliinamisha ili mwanga upite juu ya karatasi. Vitone vilikuwa vitatu, viwili juu na kimoja chini, vya wino ule ule wa mstari. Bado nafsi ikatafuta pa kujificha: labda kalamu ilitona. Ndipo nikatazama jina la mdai. Jina lile ni la Kisukuma, nalo, kama majina mengi ya huko, linaanza kwa ng'. Babu aliliandika kwa ayni, na juu ya ayni akaweka nukta tatu, safi, zimepangwa kama mafiga.

Hapo hoja zangu zikaisha. Mtu anayejali kuiandika ng' ya jirani yake sawasawa, ili jina la mtu lisiharibike, hawezi kuachia nukta zianguke ovyo chini ya be. Nikarudi nyuma kurasa zote. Pamba ina nukta tatu. Pesa ina nukta tatu. Bunda, kila lilipokuwa bunda, lina nukta moja. Babu yangu alikuwa mwandishi muadilifu. Ami yangu, asiyeona, alimjua. Mimi mwenye macho sikumjua.

Neno lile halikuwa bunda. Lilikuwa punda.

Nikafanya jambo moja zaidi ili nijiaibishe vizuri. Nikaiambia simu initafutie "punda", kwa hati za Kiarabu zenye nukta tatu, katika yote niliyoyanakili. Ikajibu kwamba hakuna. Punda alikuwamo, ila mimi nilimpa nambari ya bunda, na kwa mashine hiyo ni sawa na kwamba hakuzaliwa.

KHABARI YA WATU WA MBALI

Hapa niruhusu, msomaji, nikutoe Didia kidogo nikupeleke mbali, halafu nitakurudisha tukalipe deni.

Katika kisiwa cha Sumatra, huko Indonesia, kuna watu waitwao Wabatak. Wana hati yao ya asili, ambayo haikutoka katika Kiarabu wala Kirumi. Wazee wao waliiandika juu ya magome ya miti yaliyokunjwa kama vitabu, na juu ya mianzi. Wako wa makundi mbalimbali, na kundi moja, Wamandailing, wengi wao ni Waislamu kama sisi. Hati ile ilipungua matumizi mbele ya herufi za Kirumi, kama yetu ilivyopungua.

Hati ya Wabatak haikuwamo katika orodha ya Unicode ya mwaka 1991. Wataalamu wawili, Michael Everson na Uli Kozok, ndio waliotayarisha maombi yake, na mwaka 2010 ikaingizwa. Katika kazi kama hiyo hubidi kuulizwa swali kwa kila alama: hii ni herufi mbali, au ni herufi ile ile kwa mkono wa mtu mwingine? Ba yao na pa yao zikapata kila moja nambari yake. Na herufi yao ya ha, kwa kuwa Wamandailing wana umbo lao la kuiandika, ikatengewa umbo hilo nafasi yake peke yake, nambari 7108. Herufi moja ya watu wa kisiwa cha mbali, na bado watu waliketi wakaipima ili isichanganywe na jirani yake.

Nilipoyasoma haya niliona haya. Wenzetu hati yao ilikaa nje ya mlango karibu miaka 20, ikasubiri. Sisi p yetu, v yetu na ng' yetu zimo ndani tangu mwanzo, kwa fadhila ya Waajemi na Wamalai waliozitangulia. Nani katika sisi anazitumia? Yupo hata mgeni, Kevin Donnelly, aliyetengeneza programu alizoziita Andika!, za kuandikia Kiswahili kwa hati za Kiarabu na kukigeuza kiwe cha Kirumi na kinyume chake. Chombo kipo. Nambari zipo. Kilichopungua ni kidole chenye subira ya kuibonyeza be na kuishikilia kitambo.

Wala usidhani kwamba mashine itatusahihisha. Iko ye ya Waarabu, nambari 1610, na iko ye ya Waajemi, nambari 1740. Katikati ya neno sura zao ni moja, na hapana jicho litakalozitenga. Lakini ukiandika kwa moja na kutafuta kwa nyingine, hutapata kitu. Mara ngapi na sisi tumesimama katika safu moja, bega kwa bega, sura zetu ni moja, na yaliyomo ndani ni nambari mbali mbali! Mwenye kuyajua hayo ni Mwenyezi Mungu peke yake.

PUNDA KWA PUNDA

Sasa turudi Didia. Mpangaji alinipeleka kwa mjukuu wa mdai, naye ni mzee mwenye mvi, anayeishi si mbali na nyumba yetu. Tukamkuta chini ya mti anasuka kamba. Nikamwamkia kwa neno nililofundishwa njiani, "Mwadila, mzee," akaitikia na kucheka matamshi yangu. Nikamweleza mimi ni nani.

Kabla sijafikia khabari ya daftari, akasema: "Mjukuu wa Mswahili wa chumvi? Bibi yetu alikuwa akitusimulia. Alimwazima babu punda akalete chumvi Tinde, fisi wakamla njiani. Babu yako akasema atalipa, kisha akaugua."

Msomaji, nilikuwa nimeketi juu ya gogo, nikashukuru kwamba nimeketi. Miaka zaidi ya 80, watu wasiojua kusoma hati zile walikuwa na khabari sahihi, na mimi niliyezisoma nilikuwa na khabari ya uongo mfukoni.

Nikamfungulia daftari. Akaniuliza, "Lipi hapa ndilo punda?" Nikamwonyesha kwa kidole. Akauliza, "Na lipi ndilo jina la babu?" Nikamwonyesha. Akaliangalia kwa muda mrefu, ingawa hajui kusoma hati hizo. Nikamweleza kwamba nukta tatu zile za juu ndizo ng' ya mwanzo wa jina lao. Akasema, "Aliliandika vizuri?" Nikamwambia, "Aliliandika vizuri kuliko nilivyoliandika mimi."

Tulimwuliza ami juu ya malipo, naye akamwuliza sheikh mmoja pale Tanga. Jibu likaja kwamba tulipe punda kwa punda, na tukiweza tulipe aliye bora kuliko aliyeliwa, kwani Mtume (S.A.W.) aliazima ngamia mdogo akarudisha aliye bora, akawasifu wanaolipa kwa wema. Tukachanga sisi wajukuu. Nikamnunua punda dume, kijana, mwenye miguu ya kuvuta mkokoteni, nikamfikisha kwa yule mzee mwenyewe mbele ya mashahidi wawili.

Mzee akaniambia, "Sisi hatukuwa tukilidai tena." Nikamwambia, "Babu alikuwa akilidai mwenyewe. Hakulikata." Akaipokea kamba ya punda, akaomba kitu kimoja: mstari ule auwekewe katika karatasi, ausomeshe kwa wajukuu zake. Nikaunakili kwa simu mara ya pili, kwa hati za Kiarabu, na chini yake kwa herufi za Kirumi. Safari hii niliishikilia be kitambo. Ilipotoka ile ya nukta tatu nilihisi kama nimemfungulia mtu mlango aliokuwa akiubisha tangu jana. Tukaenda kuchapisha mjini Shinyanga. Kijana wa duka la kuchapishia alipoifungua, ng' ya mwanzo wa jina ikatoka kisanduku kitupu, kwa kuwa fonti yake haikuwa na vazi lile. Nikamsihi ajaribu fonti nyingine, na nyingine, mpaka ya tatu ikaivika. Aliniona msumbufu. Na awe amekuwa msumbufu babu yangu, aliyeandika nukta zote hizo kwa mkono, usiku, kwa mwanga wa taa ya mafuta.

Kisha nikachukua kalamu ya wino, na katika daftari lenyewe nikaukata ule mstari wa Rajabu.

TUSHIKE NINI?

Ndugu msomaji, sikuyaandika haya ili usifie ukoo wangu, kwani umeona aibu yangu. Nimeyaandika kwa sababu ninajua kwamba katika nyumba zetu za Pwani, tangu Lamu mpaka Kilwa, na katika nyumba za jamaa zetu waliokwenda bara, kuna visanduku vya bati. Kuna karatasi ambazo watoto wanadhani ni dua, nazo ni madeni, wakfu, mipaka ya mashamba, talaka na mahari. Wenye kuzisoma wanapungua kila mwaka, na macho yao yanafifia.

Basi kwanza, tuzitafute, na tumkalishe mzee anayezijua pamoja na kijana anayejua simu. Mmoja peke yake hatoshi; mimi nilijidhania kuwa wote wawili, nikapotea.

Pili, tukinakili, tunakili kilichoandikwa, si tunachokipenda. Nukta ya mtu ni amana. Ukiona nukta tatu andika tatu. Na ukiwa na shaka, sema una shaka, usimsingizie nzi.

Tatu, tuwafundishe watoto wetu hati hizi kwa Kiswahili pia. Mtoto anahitimu chuoni, anasoma Qur'ani yote, kisha akipewa barua ya bibi yake iliyoandikwa kwa herufi zile zile anaduwaa. Kumwongezea herufi nne au tano za sauti zetu ni kazi ya wiki moja.

Na nne, kila mmoja wetu alitazame daftari lake mwenyewe kabla ya kufa. Babu yangu alingojea miaka 83, kwa sababu kazi aliyoifanya kwa uadilifu iliwafikia warithi wasiokuwa na haraka. Usiwategemee warithi wako, huenda nao ni kama mimi.

Wako malaika wawili wanaoandika juu yetu, kuliani na kushotoni. Hao hawachoki, wala hawabadilishi herufi moja kwa jirani yake. Tunamwomba Mwenyezi Mungu atupe kuandika kwa uadilifu na kusoma kwa uadilifu, awasamehe wazee wetu waliotutangulia, aliyezikwa Pangani na aliyezikwa Didia, na asitutoe duniani ila madaftari yetu yamekatwa mistari yote.

Amin. Wabillahi tawfiq.